Mabati ya Mama Neema

Wapendwa wenzangu wa kwaya, nimechoka kusimulia vipande vipande. Mmoja ananikamata sokoni, mwingine mlangoni pa kanisa, mwingine ananipigia simu nikiwa na unga mikononi, na wote swali lao ni lile lile: niliaga naenda siku nane, mbona nilirudi siku ya kumi na mbili, nimekonda na uso umeiva kwa jua? Basi nimekaa, nimeandika. Someni, mpitishiane, kisha mniache nipumzike.

Kazi yenyewe mnaijua. Tangu nistaafu uhasibu wa shule nazunguka na mradi unaofundisha kamati za shule za msingi kutunza fedha: michango ya wazazi, ruzuku, nani anaidhinisha, nani anaandika, nani anahakiki. Wajumbe wa kamati hizo ni wakulima, mama wauza nyanya, mafundi baiskeli. Safari hii tulikuwa twende wawili, lakini mwenzangu Bwana Mgaya alifiwa na shemeji yake siku mbili kabla, nikaondoka peke yangu.

Iringa hadi Makambako

Basi lilituharibikia kabla ya Mafinga, katikati ya misonobari, ukungu bado haujapanda. Dereva aliingia uvunguni, akatoka, akaingia tena. Saa tatu nzima tulisimama pembeni ya barabara tukipuliza vidole. Bibi mmoja wa Kibena aliyejifunga blanketi la mistari alinisogelea.

"Kamwene," akanisalimu, nikaitikia kwa kile kidogo ninachokijua. Akafungua kitambaa, akanimegea viazi vya kuchemsha, bado vina uvuguvugu. Akaniuliza naenda wapi na kufanya nini. Nikamwambia nashughulika na hesabu za shule.

"Kumbe wewe ndiye unayewafunga?"

"Sifungi mtu, Bibi. Nafundisha."

Alinitazama kwa huruma kidogo. "Sikujua kuna kitu cha kufundisha hapo. Mimi nilidhani mtu ni mwizi ama si mwizi."

Nilicheka, nikaomba kiazi kingine. Makambako tulifika jua limeshapinda, na upepo wa pale, ule unaopita kwenye sweta kama haujaliona, ukanipokea. Nikala supu ya kuku yenye pilipili, nikalala gesti na soksi mbili.

Makambako hadi Rujewa

Kushuka Usangu ni kuvua nguo. Kufika Igawa sweta lilishatoka, kufika Rujewa nilitamani kuvua na viatu. Shule niliyopangiwa iko nje kidogo ya mji, kati ya majaruba ya mpunga, na wajumbe walinisubiri chini ya veranda wamepiga mstari kama wanakwaya.

Siku ya kwanza nilijikwaa palepale. Niliwaambia, "Kesho kila mtu anisaidie kukusanya vocha zote za mwaka jana." Waliangaliana. Asubuhi yake mzee mmoja mfugaji, mwenye fimbo na kofia ya pama, akaniwekea mezani kadi tatu za simu zilizokwanguliwa, zimepauka.

"Mwalimu, nimepata hizi tu, zilikuwa kabatini. Siku hizi vocha tunanunua humo humo kwenye simu."

Ilinibidi nieleze kwamba vocha ninayoisema mimi ni ile hati ya malipo, karatasi inayoonyesha fedha imetoka, kwa nani, kwa kazi gani, na nani ameidhinisha. Tulicheka mpaka mwalimu mkuu akafuta machozi. Kicheko kile kiliwafungua. Wakati wa chakula walinipa wali mpya, ule wenye harufu inayofika kabla ya sahani, na maziwa ya mgando kwenye kibuyu.

Mchana niliwapa mfano wangu. Niliutunga mwenyewe nyumbani, jikoni, nikisubiri maharage yaive. Kuna kijiji kisicho na jina. Wazazi wanachanga fedha za kuezeka darasa. Mweka hazina anazishika peke yake, haandikishi mtu, hasomi taarifa. Mwaka unaisha, darasa liko wazi, lakini nyumba ya mweka hazina inang'aa mabati mapya. Kisha nauliza: tatizo lilianzia wapi?

Walibishana vizuri sana. Yule mzee wa kadi za simu alisema, "Lilianza siku ile mlipomwachia ufunguo mkaenda kulala." Nilijipongeza. Nasema kweli kwa sababu ni nyinyi: nilijiona fundi.

Mbeya, na kupanda Kawetere

Mbeya nililala usiku mmoja tu. Nilikula ndizi na maharage kwa mama mmoja pale mtaa wa Soweto, nikanunua maparachichi manne, moja likapasuka ndani ya mkoba likapaka karatasi zangu zote za kufundishia. Mpaka leo zinanuka.

Gari la Chunya lilipanda mlima taratibu, na kwenye msitu wa Kawetere ukungu ukawa mzito kiasi kwamba dereva alisimama. "Mimi sioni hata pua ya gari," akasema, akazima injini. Tukakaa humo ndani zaidi ya saa nzima, vioo vinatoa jasho. Kijana wa machimbo ya dhahabu aliyekaa pembeni yangu alinifunika magoti na koti lake bila kuniuliza, kisha akalala. Ukungu ulipoinuka tuliteremka upande wa pili, na dunia ikabadilika: miti mifupi, ardhi nyekundu, mabani ya kukaushia tumbaku, vumbi linalokaa kwenye kope. Nilimrudishia koti lake. Akasema tu, "Karibu joto, Mama."

Chunya

Shule yenyewe sitaitaja. Iko pembeni ya mji, na kamati yake ilikuja Jumamosi nzima bila kukosa mtu. Mwenyekiti alikuwa Mzee Sichone, mkulima wa tumbaku, mtu wa maneno machache na koti la suti hata kwenye joto lile. Katibu ndiye mwalimu mkuu, Mwalimu Kibona. Na mweka hazina alikuwa mama mrefu, amefunga kitambaa cha kijani kichwani, amekaa mbele kabisa na daftari lake wazi. Aliandika kila neno nililosema. Jina lake Tusekile, ila wote walimwita Mama Neema. Nilimpenda tangu asubuhi, kama mwalimu anavyompenda mwanafunzi anayesikiliza.

Baada ya chai na viazi vitamu niliona wamechoka, nikaleta mfano wangu. Niliusimulia kwa mikono yote miwili, kama Rujewa. Nilipofika kwenye nyumba inayong'aa mabati, hakuna aliyecheka. Mtu mmoja nyuma aliguna. Wengine waliinamisha macho. Na mimi, kwa kiburi changu, nikadhani hawajaelewa. Nikarudia kwa sauti zaidi:

"Darasa la watoto liko wazi! Lakini kwa mweka hazina kunang'aa mpaka ndege wanaogopa kutua!"

Mama Neema akafunga daftari. Alikuwa na ufunguo wa sanduku la fedha kwenye uzi shingoni. Akauvua, akauweka mezani mbele ya Mzee Sichone. Kisha akanigeukia na kusema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Madam, kama walikuambia, si ungeniita pembeni."

Akatoka. Nilisikia ndala zake zikivuka uwanja mpaka zikapotea.

Mzee Sichone akakohoa. "Ahsante, Madam. Sisi jambo hilo tulikuwa tunaogopa kulisema."

"Jambo gani, Mzee?"

Ni Mwalimu Kibona aliyenichukua nje, akanipeleka nyuma ya ofisi. Pale kuna darasa jipya, kuta zimesimama, paa limefika nusu. Nusu nyingine ni mbingu. Mabati yamepangwa ndani ukutani, yanasubiri mbao. Mwalimu Kibona akaninyooshea kidole mteremkoni. Kati ya nyumba za nyasi na mabati yenye kutu, nyumba moja ilikuwa inang'aa jua lote.

"Kwa Mama Neema," akasema. "Fundi aliondoka kazi haijaisha, na hela za kummalizia hazipo. Mwezi ule ule yeye akaezeka kwake. Watu wanasema chini chini tangu wakati huo."

"Mwalimu, ule mfano nimeutunga Iringa, jikoni kwangu. Sikuambiwa na mtu!"

"Mimi nakuamini, Madam. Lakini nani mwingine ataamini? Jioni hii mji mzima utasema mkaguzi amekuja na amemtaja."

Kesho yake nilikuwa nianze safari ya kurudi. Niliwapigia simu ofisini nikawaambia nimepata dharura. Jinsi walivyoipokea habari hiyo, nairuka.

Kwa Mama Neema

Nilikwenda Jumapili baada ya ibada, kwa miguu, watu wakinitazama kwa adabu kubwa mno kiasi cha kuniumiza. Nilimkuta nje anabangua karanga.

"Hodi."

"Karibu." Alilitoa neno lile kwa sababu mgeni hanyimwi. Akanisogezea kigoda. Nikakiacha, nikakaa mkekani karibu na ungo wake.

"Nimekuja kuomba radhi, Mama Neema. Sikujua. Sikuambiwa na mtu yeyote."

Aliendelea kubangua. "Ungekuwa umeambiwa ingekuwa nafuu, Madam. Ningejua nina adui, nikamtafuta. Sasa wewe umetoka mbali, hunijui, na maneno yaliyokutoka ni yale yale. Kanisani leo wamesema Mungu ndiye aliyekutuma."

Nikachukua karanga, nikaanza kubangua. Tulibangua hivyo kwa muda mrefu, mpaka akainuka, akaingia jikoni, akarudi na ugali na mlenda uliotiwa karanga.

"Kula. Hukuja kwangu kufa njaa."

Nilikula yote. Nilipomaliza alileta kopo la biskuti. Juu kabisa kulikuwa na karatasi ya mauzo ya tumbaku yake. "Hayo mabati yametoka hapa. Nimelima misimu miwili kwa ajili ya hayo mabati. Mume wangu alikufa akiniahidi nyumba isiyovuja." Chini yake zilikuwa risiti za shule: misumari, saruji, mbao za kwanza, nauli ya lori. Tulizitandaza zote mkekani, juu ya kila moja tukaweka karanga upepo usizichukue, na mimi nikawa nasoma, yeye ananionyesha ukurasa kwenye daftari. Wapendwa, nimekuwa mhasibu miaka mingi. Sijaona kitabu kisafi kama kile. Kila kitu kilikuwa na karatasi yake, isipokuwa malipo ya mwisho: laki sita, kwa fundi Osea, za mbao zilizobaki na ufundi wake. Hapo palikuwa na mwandiko wa Mama Neema tu. Hakuna sahihi wala shahidi.

"Alikuja asubuhi na mapema," akasema. "Mkewe amelazwa Mbeya, hali mbaya. Alisimama pale ulipopitia wewe. Mwanaume mzima analia. Akasema nipe, nitarudi wiki ijayo nimalizie na kusaini. Nikampa. Hakurudi, na simu yake haipatikani."

"Kwa nini hukuwaambia kamati?"

"Mwanzoni nilimsubiri. Halafu nilipoezeka, nikasikia wanavyosema. Hapo tena ningesemaje? Kila neno lingekuwa la mwizi anajitetea."

Simu yake ikaita. Aliitazama, akaiacha iite mpaka ikanyamaza. "Ni Neema, binti yangu. Yuko Soweto. Amejifungua, mtoto ana wiki saba. Mjukuu wangu wa kwanza." Akaanza kuzirudisha risiti kwenye kopo, moja moja. "Kila siku ananiuliza nakuja lini. Namwambia kesho kutwa. Nikipanda gari tu, Madam, watasema nimekimbia na hela."

Nilishindwa kujizuia. Nililia mimi, mgeni, yeye akawa ndiye ananipa maji.

Machimboni

Jioni ile nilikwenda kwa Mzee Sichone, nikamwambia nilichokiona. Alisikiliza amefumba macho. "Kama Osea yuko hai, yuko machimbo," akasema. "Kesho twende. Lakini na mimi nije, nisikie kwa masikio yangu."

Tuliondoka na pikipiki mbili. Mama Neema mbele, mimi na mzee tumebanana nyuma. Kabla hatujafika mbali tairi letu likapasuka. Dereva akalifungua, akalibeba kwa pikipiki ya mbele kwenda kuziba tundu. Tukakaa kwenye kivuli chembamba cha mti usio na majani, sisi watatu, na wale wawili tangu asubuhi hawajasemeshana hata salamu kamili. Mzee Sichone alikuwa na chupa ya maji. Alinywa, akanipa mimi, kisha akakaa nayo mkononi. Mwishowe akainyoosha upande wa Mama Neema bila kumtazama.

Aliipokea, akanywa.

"Mke wangu alisema twende tukakuulize," mzee akasema akitazama barabara. "Mimi nikasema ngoja. Niliogopa wataniambia tumekula wote."

"Ungekuja ningekuonyesha daftari, Mzee."

"Najua sasa."

Tairi lilipozibwa tukaendelea. Machimboni tuliuliza habari za fundi Osea kwa kila tuliyekutana naye. Hakuna aliyemjua. Tulipelekwa kwa Osea mmoja, akawa ni muuza nguo mnene mwenye meno ya dhahabu, akajaribu kuniuzia kitenge. Karibu tukate tamaa tulipoingia kwa mama lishe kunywa chai. Mama Neema akamweleza: mrefu, mwembamba, ana kovu la msumeno kwenye mkono wa kushoto.

"Aaa, Kimya!" mama lishe akasema. "Hapa tunamwita Kimya. Anachonga magogo ya kushikilia mashimo. Tangu amekuja hajazungumza na mtu. Waliokuja naye wanasema alimzika mkewe, akaja moja kwa moja huku. Hata matanga sidhani kama alikaa."

Mama Neema aliweka kikombe chini. Njia nzima nilikuwa nimemwona anasogeza midomo, nikajua anapanga maneno ya kumwambia yule mtu, na hayakuwa maneno mazuri. Sasa uso wake ulikuwa umebadilika.

Tulimkuta amekaa juu ya gogo, vumbi mpaka kwenye nyusi. Alipotuona alisimama, akavua kofia, akaishika kwa mikono miwili kama mtoto aliyeitwa ofisini. Mzee Sichone alifungua mdomo. Mama Neema akamtangulia.

"Pole na msiba, Osea. Hatukupata habari."

Yule mtu aliitikia kwa kichwa. Akasema, "Nilitaka kurudi, Mama. Kila siku nasema kesho. Lile paa ndilo nililokuwa nafanya alipougua. Nikilifikiria, naona kama nitamkuta nyumbani bado anaumwa." Akafuta uso, akajipaka vumbi zaidi. "Najua mnanidai kazi."

"Wanasema hela nimekula mimi," Mama Neema akamwambia, kwa upole, kama anamweleza mtu habari za hali ya hewa.

Osea alikaa chini. "Wewe? Wamesema wewe?"

Aliomba kalamu. Nilimwandikia maelezo, nikamsomea mara mbili, akasaini, Mzee Sichone akasaini kama shahidi. Aliahidi kukabidhi magogo ya watu kwanza, aje Jumatano kwenye mkutano wa wazazi. Tulipoondoka Mama Neema alimwachia zile karanga zote alizobeba kwa ajili ya njia.

Mkutano

Jumatano watu walijaa uwanjani kama siku ya mahafali. Saa nne, Osea hayupo. Saa tano, hayupo. Mzee Sichone akafungua mkutano, na mimi nikaomba nianze.

Niliwaambia mfano wangu nilitunga mwenyewe, sikutumwa na mtu wa wilaya wala na Mungu. Nikasema, "Nimemuumiza mtu aliyenipokea vizuri. Nilimuumiza hadharani, kwa hiyo namwomba radhi hadharani." Nikapiga magoti. Sijui kama ilikuwa kwenye ratiba ya mradi.

Kisha akasimama Mama Neema na daftari. Alisoma yote. Alianza na mchango wa kwanza, akaja kwenye msumari wa mwisho, na kila aliposoma aliinua risiti juu, akampa Mwalimu Kibona aipitishe kwa watu. Jua lilikuwa kali, hakuna aliyeondoka. Alipofika kwenye laki sita alishusha daftari.

"Hapa pana kosa langu. Nilimlipa fundi kabla ya kazi kuisha, peke yangu, bila shahidi. Nilimhurumia. Huruma sijutii. Ila hela haikuwa yangu ya kuhurumia nayo."

Mzee Sichone akasoma ile karatasi ya Osea. Mwanaume mmoja nyuma akapaza sauti, "Karatasi hata mimi naweza kuandika! Huyo Osea mwenyewe yuko wapi?" Manung'uniko yakaanza kupanda, na mimi nikahisi yote yanateleza tena.

Ilikuwa karibu saa sita lori la mbao liliposimama barabarani. Osea akashuka nyuma na sanduku la zana begani. Alipita katikati ya watu, akalitua sanduku mbele ya Mama Neema, akageuka.

"Hela nilipewa mimi," akasema. "Zote. Nilimuuguzia mke wangu, hakupona. Mbao hizo nimezikopa kwa jina langu. Kazi naanza leo." Akafikiri. "Huyu mama hakunidai hata neno moja. Alinipa pole."

Hakuna aliyepiga makofi. Halikuwa jambo la makofi. Mzee Sichone aliinuka na ule ufunguo, akashindwa kusema hotuba aliyoiandaa, akaunyoosha tu mkono. "Utusamehe, Mama Neema. Uendelee."

Alichukua muda kuupokea. "Nitaendelea. Lakini tangu leo hakuna shilingi inayotoka bila watu watatu, na kila baada ya miezi mitatu nasoma hapa hapa, hata kama hamtaki kusikia. Na kwanza nipeni siku saba. Nina mjukuu sijamwona."

Nadhani wengi hawakujua ni kwa nini hajamwona, na palepale wakajua. Mama mmoja aliyekuwa amekaa nyuma, ambaye Mwalimu Kibona aliniambia baadaye ndiye aliyekuwa akimsema kuliko wote, alifungua khanga yake ya pili kiunoni, akaikunja, akaja kuiweka juu ya daftari.

"Ya kumbebea," akasema, akarudi kukaa bila kuinua macho.

Si wote walioridhika. Yule mwanaume wa nyuma niliondoka nikimsikia bado anasema mambo ya laki sita. Lakini jioni, nikifunga mkoba, nilikuwa nasikia nyundo ya Osea kutoka shuleni.

Chunya hadi Soweto

Tuliondoka pamoja Alhamisi, mimi na yeye. Iringa nilifika kesho yake salama, na hayo mengine mliyaona wenyewe mliponipokea. Ila siwezi kumaliza bila kuwaambia ya siku ile.

Alipanda na kikapu: karanga, kuku aliyefungwa miguu, ile khanga, na vitu vingine ambavyo watu walimletea mpaka gari linawashwa. Tulipoanza kupanda mlima alinionyesha shamba la marehemu mumewe, akaniambia mwaka huu tumbaku itachelewa. Katikati ya sentensi alinyamaza. Nikageuka. Alikuwa amelala, kichwa kimeegemea begani kwangu, mdomo wazi kidogo. Mwanamke yule hakuwa amelala vizuri kwa miezi. Gari liliruka mashimo, kuku alilalamika, konda alipiga kelele za nauli, hakuamka. Bega langu lilikufa ganzi kabla ya Kawetere. Sikulisogeza.

Soweto tulitembea tukiuliza namba za nyumba, maana Neema alihamia hapo baada ya kuolewa na mama yake hajawahi kufika. Mlango wa tatu tulipobisha ulifunguliwa na binti mrefu, kitambaa cha maziwa begani. Aliangalia kikapu, akamwangalia mama yake, hakusema hata shikamoo. Aligeuka, akaingia ndani mbio, tukabaki mlangoni. Akarudi na mtoto.

Mama Neema alikuwa na vumbi la Chunya mpaka kwenye kope. "Ngoja ninawe," akasema.

"Mpokee hivyo hivyo, Mama," binti akasema. "Mpokee."

Alimpokea. Mtoto alifungua macho, akamtazama kwa ule umakini wa watoto wachanga, kama anajaribu kukumbuka alipomwona. Mama Neema aliinamia uso ule mdogo, akamsalimu kwa Kinyakyusa, taratibu, salamu ndefu yenye majina ya watu wote wa kwao, waliokufa na walio hai, mmoja baada ya mwingine. Mimi nilikaa kwenye ngazi, nimemshika kuku, nikasubiri amalize.